Ya Bure Ipi? Dalili na Visababishi vya Matatizo ya Leseni kwenye Tovuti za Oracle APEX

Simu nyingi ninazopigiwa kuhusu APEX, chombo cha Oracle cha kutengenezea tovuti juu ya kanzidata, huanza hivi: "Kaka, hii kitu si ya bure? Mbona inakataa?" Nami kabla sijajibu chochote huuliza: bure ipi?

Tovuti moja ya APEX imesimama juu ya vitu vinne, na kila kimoja kina leseni yake. Kuna APEX yenyewe. Chini yake ipo kanzidata ya Oracle. Mbele ipo ORDS, inayopokea maombi kutoka kwenye kivinjari na kuyapeleka kwenye kanzidata, nayo ORDS haitembei bila Java. Halafu pako mahali ambapo vyote hivi vimewekwa, ama kwenye seva yako, ama kwenye wingu la Oracle.

APEX yenyewe tuiondoe kwenye orodha ya washukiwa mapema. Huja bila malipo ya ziada pamoja na kila toleo la kanzidata ya Oracle, na haihesabu watengenezaji, kurasa wala watumiaji. Mtu akiniambia "leseni ya APEX imegoma", najua mkosaji ni mmoja wa wale watatu waliobaki, na mara nyingi ni kanzidata.

Anza hapa, dalili yoyote iwayo

Ingia kwenye kanzidata, uliza:

select banner_full from v$version;

Jibu litakuwa mojawapo ya haya. Ukiona "Express Edition", uko kwenye XE, toleo dogo la bure. Ukiona "Free" pamoja na maneno "Develop, Learn, and Run for Free", uko kwenye mrithi wa XE, toleo la Free lililoanza na 23c mwaka 2023 na kubadilishwa jina kuwa 23ai mwaka uliofuata. Ukiona "Standard Edition 2", hiyo inauzwa. Ukiona "Enterprise Edition" na hakuna mtu ofisini anayekumbuka kulipa chochote, ruka moja kwa moja hadi sehemu isemayo "Dalili: hakuna dalili". Huko ndiko kwenye moto.

Angalizo moja hapa. Mwishoni mwa mstari huo matoleo mengi huandika neno "Production". Nimeshaona mtu akinionyesha neno hilo kama ushahidi kwamba ameruhusiwa kulitumia toleo hilo kwa kazi halisi. Neno hilo linaeleza kwamba programu imekamilika na si ya majaribio. Halisemi lolote kuhusu haki yako.

Dalili: ORA-12954, data haiingii tena

Hili ni kosa la XE 18c na 21c: data yako imegonga ukuta wa GB 12. Ukiona ORA-12953 badala yake, upo kwenye XE 11g yenye ukuta wa GB 11. Na ORA-12952 ni ya XE 10g ya mwaka 2006, ukuta GB 4. Ukikutana na hiyo ya mwisho leo, leseni ndiyo shida ndogo kuliko zote ulizo nazo.

SACCOS moja niliyoihudumia ilipatwa na hili tarehe 29, saa nne asubuhi, foleni ya wanachama ikiwa imefika mlangoni. Mhasibu alinitumia picha ya skrini bila salamu. Meneja akapiga baada yake.

"Kijana wangu, si ulituambia ni ya bure?"

"Ni ya bure, mama. Imejaa."

"Imejaaje? Tuna wanachama elfu mbili tu."

Alikuwa na haki kushangaa. Wanachama elfu mbili na miamala yao ya miaka mitatu havikufika hata GB 1. Nikaendesha hii:

select owner, segment_name, segment_type, round(bytes/1024/1024) mb from dba_segments order by bytes desc fetch first 10 rows only;

Kilichokaa juu ya orodha kilikuwa na jina linaloanza na SYS_LOB likifuatiwa na tarakimu ndefu. Jina la namna hiyo ni safu ya mafaili ndani ya jedwali fulani. Ili kujua jedwali lenyewe, tafuta jina hilo kwenye dba_lobs. Kwetu ilikuwa fomu za mikopo: kila ombi lilikuja na skani ya kitambulisho, barua ya mwajiri na picha za wadhamini wawili, zote kwa rangi, kurasa nzima, kwa ubora ambao ungefaa kuchapa bango la barabarani. Zaidi ya GB 9 za skani.

Wengi hukimbilia kufuta rekodi za zamani, kisha hushangaa kosa linabaki palepale. Kufuta hakupunguzi faili. Nafasi iliyotengwa hubaki mikononi mwa lile jedwali, likisubiri kuijaza tena lenyewe, huku majedwali mengine yakiendelea kufa njaa. Ukilidondosha jedwali zima, nalo huenda limekaa kwenye pipa la taka la kanzidata. Fanya "purge dba_recyclebin" kabla hujalaumu mtu.

Njia iliyotutoa ilikuwa hii. Kwanza tulitoa nakala ya kila kitu kwa Data Pump, chombo cha Oracle cha kutoa na kuingiza data. Skani tukazihamishia kwenye folda ya seva, na ndani ya jedwali tukabakiza njia ya faili tu. Kisha tukaunda jedwali upya bila ile safu, tukarudisha data, na mwisho tukapunguza ukubwa wa mafaili ya kanzidata kwa "resize". Ilichukua jioni moja. Mikopo ya siku ile iliandikwa kwenye daftari, kama zamani.

Kubana data kunasaidia pia, na XE 18c na 21c zimekuja na ubanaji wa hali ya juu ambao kwenye Enterprise hulipiwa. Maandishi na tarakimu hubanika vizuri. Picha za JPEG zimeshabanwa tayari, usitegemee muujiza. Pia kuna gharama ya baadaye kwenye ubanaji huo, nitaigusa huko chini.

Je, kuna njia ya kununua GB nyingine chache? Hakuna. XE haina ngazi ya kati. Ama unapunguza data, ama unahama.

Dalili ndogo tatu za ukuta uleule

ORA-56752 wakati wa kuwasha: mtu ameongeza kumbukumbu kwenye mipangilio kupita GB 2 zinazoruhusiwa. Rudisha ilivyokuwa. Haijalishi seva ina GB 64.

ORA-65010: umetaka kuunda PDB ya nne. PDB ni zile kanzidata ndogo zinazochomekwa ndani ya kubwa, na XE inaruhusu 3. Aliyepanga PDB moja kwa kila mteja hugundua hili mteja wa nne anaposaini. Tumia skima tofauti, yaani makundi ya majedwali yenye mmiliki wake, ndani ya PDB moja, APEX inalimudu hilo vizuri kwa kumpa kila mteja eneo lake la kazi. Kama masharti yanakuruhusu kuwahudumia wateja wa nje, hilo nitaligusa mwishoni.

Tovuti nzito ingawa seva ni mpya: XE hutumia nyuzi 2 za prosesa, hata ukiiweka kwenye mashine yenye nyuzi 32. Hakuna ujumbe wowote wa kosa. Kabla ya kuandika barua ya kuomba seva kubwa zaidi, kumbuka kwamba nyuzi 30 za hii uliyonayo zimekaa bure. Na huwezi kukwepa kwa kuweka XE mbili kwenye mashine ileile, leseni ni moja kwa kila mazingira, yaani moja kwa kila seva, mashine pepe au kontena.

Ukuta wa watumiaji haupo. Hakuna mahali XE inapohesabu vichwa. Ukiweza kuwahudumia wanachama elfu tano kwa nyuzi 2 na GB 2, leseni haitakuzuia.

Dalili: hakuna dalili

Hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, na ndiyo sababu nikaanza na ile amri ya kuuliza toleo.

Kanzidata ya Oracle haina ufunguo wa leseni. Hakuna namba ya kuandika, hakuna siku 30 kisha ifungwe, hakuna onyo jekundu juu ya ukurasa. Unaingia kwenye tovuti ya Oracle, unakubali masharti kwa kubofya kisanduku, unapakua Enterprise Edition kamili, unaiweka, inafanya kazi. Mwaka huu, mwakani, mwaka wa tano. XE inakugombeza ukifika GB 12. Enterprise haikugombezi kamwe. Kwa hiyo kijana aliyebanwa na ule ukuta wa GB 12 anaangalia ukurasa wa upakuaji, anaona toleo jingine pembeni, nalo linapakuliwa bila kulipa, anahamia huko. Tatizo limekwisha. Bosi anampongeza.

Kisanduku alichobofya kilisema nini? Kwamba upakuaji ule ni wa kutengeneza programu yako, kuijaribu, kutengeneza mfano na kuuonyesha kwa watu. Kazi ya kweli ya ofisi, data ya kweli ya wateja, haimo. Hapo hapo siku ya kwanza ya matumizi halisi deni limeanza, na halimwambii mtu.

Deni lenyewe ni kiasi gani? Kwenye orodha ya bei ya Oracle iliyo wazi kwa umma, Enterprise Edition ni dola 47,500 kwa kila prosesa moja. "Prosesa" hapo ni istilahi ya mkataba: kwa chipu za kawaida za Intel na AMD unachukua idadi ya kori na kuizidisha kwa 0.5. Seva yenye kori 16 ni prosesa 8. Mara 47,500, dola 380,000. Msaada wa mwaka ni asilimia 22 ya hiyo, dola 83,600, kila mwaka. Makampuni makubwa hupunguziwa bei wakati wa mazungumzo, lakini mwenye kukutwa akitumia tayari hana nguvu ya mazungumzo.

Na kama mashine hiyo ni pepe ndani ya VMware, programu inayogawa seva moja kuwa mashine nyingi, mambo huwa mabaya zaidi. Sera ya Oracle haiutambui ugawaji wa VMware kama mpaka. Mashine pepe yenye kori 4 ndani ya kundi la seva kubwa inaweza kuhesabiwa kama kundi zima. Wanasheria wamebishana sana juu ya sera hiyo, kwa sababu imo kwenye waraka wa pembeni na si ndani ya mkataba. Mimi si mwanasheria. Ninachojua ni kwamba ni bora usiwe wewe unayebishana.

Kuna tabaka la pili ndani ya Enterprise. Hata aliyelipia toleo lenyewe hajalipia vyote vilivyomo. Kugawa majedwali makubwa vipande, yaani Partitioning, ni dola 11,500 zaidi kwa prosesa. Vifurushi vya uchunguzi na urekebishaji navyo vina bei zake, na kigezo kiitwacho control_management_pack_access huja kikiwa kimeviwasha vyote viwili. Ripoti moja ya AWR, yaani ya mwenendo wa kanzidata, uliyoitoa usiku wa manane kutafuta kwa nini tovuti ni nzito inatosha kuacha alama. Alama hizo unaziona hapa:

select name, detected_usages, first_usage_date, last_usage_date from dba_feature_usage_statistics where detected_usages > 0;

Jedwali hilo ndilo wakaguzi hulisoma. Lisome wewe kwanza. Kisha kama huna leseni ya vifurushi, weka kigezo kile kuwa NONE leo hii.

Matibabu ya mtu aliyejikuta hapa si mengi. La kwanza, usizidishe: usiongeze seva, usiwashe vipengele vipya. La pili, pima data yako. Ikiwa iko chini ya GB 12 baada ya kusafisha, rudi XE au Free kwa Data Pump, na uhakikishe Enterprise imeondolewa kabisa kwenye mashine. Kuizima na kuiacha imekaa haitoshi. La tatu, kama data ni kubwa kweli, Standard Edition 2 ni dola 17,500 kwa prosesa, na huko hesabu hufuata soketi badala ya kori. Mashine yenye soketi moja ni dola 17,500 hata ikiwa na kori 16. Tofauti ya hiyo na 380,000 haihitaji maelezo. Masharti yake: mashine isiwe na nafasi ya soketi zaidi ya 2, na kanzidata itatumia nyuzi 16 tu.

La nne, ambalo vijana hawapendi kulisikia: mwambie bosi kwa maandishi.

Dalili: ORA-00439 siku ya kuhama

Umejenga mfumo kwenye XE, umekua, taasisi imekubali kununua Standard Edition 2. Unaingiza data, na majedwali yako muhimu yanakataa kuundwa: ORA-00439, kipengele hakijawezeshwa, Partitioning.

Kisababishi ni ukarimu. Tangu 18c mwaka 2018, XE hubeba vipengele vingi vya Enterprise, vikiwemo kugawa majedwali na ubanaji wa hali ya juu, bila senti. Standard Edition 2 inayolipiwa haina hivyo. Ndiyo, umesoma sawasawa: ya bure ina vitu ambavyo ya dola 17,500 haina. Ukivizoea huku chini, njia pekee ya kuendelea navyo juu ni Enterprise pamoja na nyongeza zake.

Kwa uhamisho wenyewe, iambie impdp, amri ya Data Pump ya kuingiza data, PARTITION_OPTIONS=MERGE, itaunganisha vipande kuwa jedwali moja. Kwa ubanaji, ongeza TRANSFORM=TABLE_COMPRESSION_CLAUSE:NONE. Kisha pitia hoja za APEX zinazotaja vipande kwa jina, maana hizo zitavunjika zenyewe.

Ushauri wangu kwa anayeanza leo: amua mapema mfumo ukikua utahamia wapi. Kama ni Standard Edition 2, jifanye Partitioning haipo.

Dalili: tovuti imelala, au imetoweka

Sasa tupo kwenye wingu. Always Free, mpango wa Oracle wa bure wa kudumu, inakupa kanzidata mbili za Autonomous, yaani zinazosimamiwa na Oracle wenyewe, zenye GB 20 kila moja, APEX imo ndani tayari, ORDS imo, Java haikuhusu. Kwa mfumo mdogo hiki ndicho ninachokipendekeza kwanza. Lakini kina tabia zake.

Shule moja ilifunga mwishoni mwa Novemba. Januari, Jumatatu ya kufungua, wazazi wamepanga mstari na risiti za benki, ukurasa wa ada haufunguki. Mhasibu akaanza kuwaza virusi. Hakukuwa na virusi. Kanzidata ya Always Free ikikaa siku 7 bila mtu kuunganisha, husimamishwa. Data ipo. Unaingia kwenye akaunti, unabofya kuiwasha, dakika chache baadaye wazazi wanaendelea. Shule ile ilikuwa na bahati: ikibaki imesimama kwa jumla ya siku 90, Oracle inaweza kuichukua na kuifuta moja kwa moja. Shule yenye likizo ndefu mbili na hamu ndogo ya kompyuta inaweza kuzifikisha.

Kinga ni rahisi. Muunganisho wowote uliofanikiwa, hata wa HTTPS, hurudisha hesabu sifuri. Mpangie mtu kufungua ukurasa wa mfumo kila Ijumaa. Na kila mwezi toa nakala kwa Data Pump, ukaiweke nje ya akaunti hiyo.

Kama kilichosimama si kanzidata bali mashine pepe ya bure ambayo wewe mwenyewe umeweka XE ndani yake, kanuni ni nyingine: mashine zisizofanya kazi kwa siku 7, prosesa ikiwa chini ya asilimia 20, zinaweza kurudishwa kwa Oracle. Kuibadilisha akaunti iwe ya kulipa-kwa-matumizi huondoa hatari hiyo, na ukibaki ndani ya mipaka ya Always Free ankara hubaki sifuri. Weka kengele ya bajeti kabla, maana kidole kimoja kikiteleza kwenye ukubwa wa mashine ankara itakuja.

"Nilikuwa na mashine kubwa, sasa imetoweka." Ulikuwa kwenye majaribio ya siku 30 yenye dola 300. Majaribio yameisha, vya kulipiwa vimechukuliwa, vya Always Free vimebaki. Wakati wa kuunda, vile vya kudumu vilikuwa na lebo ya Always Free. Hukuitazama.

"Sioni pa kuunda kanzidata ya bure kwenye eneo la Johannesburg." Ulipojisajili ulichagua eneo lingine kuwa nyumbani, na kanzidata za Always Free huundwa eneo la nyumbani tu. Eneo la nyumbani halibadilishwi. Lichague kwa akili siku ya kwanza, na si kwa kasi ya mtandao peke yake: ukiweka taarifa za Watanzania au Wakenya kwenye seva ya nje, sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya nchi yako, ya Kenya ya 2019 au ya Tanzania ya 2022, ina vifungu kuhusu kuhamisha data nje ya mipaka. Hiyo nayo ni leseni ya namna yake.

Na kama tovuti yako ilikuwa apex.oracle.com, eneo la bure analopewa kila mwanafunzi: pale ni uwanja wa kujifunza na kuonyesha. Masharti yanakataza mfumo halisi, na eneo lisilotumika huondolewa. Nimeona duka la dawa likiendesha stoo yake pale. Hamisha wikiendi hii.

Dalili: barua pepe inauliza kuhusu Java

Barua hizi huwa na adabu sana. Zinauliza kampuni ina wafanyakazi wangapi. Kabla hujajibu, nenda kwenye seva ya ORDS, andika:

java -version

Ukisoma "OpenJDK Runtime Environment", hiyo ni Java ya chanzo huria, vuta pumzi. Ukisoma "Java(TM) SE Runtime Environment" na "HotSpot(TM)", hiyo ni Java ya Oracle yenyewe, na sasa namba ya toleo ina maana kubwa.

Java 8 hadi sasisho la 202 ilitoka kwa leseni ya zamani. Kuanzia 8u211, Aprili 2019, kazi ya kibiashara inahitaji kulipia. Java 17 ilipotoka Septemba 2021 Oracle ikaregeza kamba, ikawa bure hata kwa kazi halisi, watu wakashangilia, wakaweka. Lakini bure hiyo ilikuwa na mwisho: masasisho ya 17 yaliyotoka baada ya Septemba 2024, yaani 17.0.13 na kuendelea, yamerudi kwenye leseni ya kulipia. Seva moja, Java 17 ileile, 17.0.12 ni bure, 17.0.13 si bure. Aliyewasha masasisho ya kujiendesha alivuka mpaka akiwa usingizini. Java 21 inafuata njia hiyohiyo, mwisho wake ni Septemba 2026.

Kwa nini wanauliza idadi ya wafanyakazi? Kwa sababu tangu Januari 2023 usajili wa Java huuzwa kwa kichwa cha kila mfanyakazi wa kampuni, wakiwemo wa muda na wa mkataba, bila kujali nani anagusa Java. Bei ya orodha huanzia dola 15 kwa mwezi kwa kichwa. Kampuni yenye watu 200, wengi wao madereva na walinzi, ni dola 3,000 kwa mwezi kwa ajili ya seva moja iliyofichwa kwenye kabati.

Dawa: ondoa Java ya Oracle, weka Temurin au Corretto, ambazo ni OpenJDK chini ya leseni huria ya GPLv2 na ruhusa yake maalumu ya maktaba. Jaribu ORDS vizuri kwenye mashine ya pembeni kwanza. Halafu tafuta nakala zilizosahaulika, kwani mtu mmoja mara nyingi ameweka Java ya Oracle kwenye kompyuta za mezani kwa ajili ya mfumo uliokufa miaka sita iliyopita.

Dalili: mkaguzi anataka ushahidi wa viraka

Oracle hutoa viraka vya usalama kila robo mwaka: Januari, Aprili, Julai, Oktoba. Mkaguzi wa mifumo anauliza lini mara ya mwisho uliviweka. Kwenye XE jibu la kweli ni kwamba havipo. XE haipewi viraka, na huwezi kufungua tiketi ya msaada kwa Oracle. Usijaribu kuweka kiraka cha Enterprise juu yake.

Unachoweza kumwonyesha ni hiki: kanzidata haiguswi na mtandao wa nje, ORDS peke yake ndiyo iko mbele, nayo ORDS na APEX zimesasishwa, au umehamia toleo la Free, ambalo marekebisho huja kwa kutolewa toleo jipya zima, au upo kwenye Autonomous, ambako viraka huwekwa na Oracle wenyewe hata kwa mteja wa bure. Mkaguzi mwenye akili hukubali mojawapo. Asipokubali, andika bei ya Standard Edition 2 chini ya hoja yake, uipeleke kwenye kamati ya bajeti ikiwa na saini yake.

Maswali ya haraka ya kwenye simu

Naweza kumwekea mteja XE na kumtoza hela? Mtoze kwa programu yako, kwa kuiweka na kwa kuihudumia. Kwa XE yenyewe usimtoze, na usiibadilishe. Masharti ya matumizi ya bure yanaruhusu kuisambaza ikiwa vilevile ilivyo. Kwenye ankara usiandike mstari wenye neno "Oracle" na bei pembeni.

Naweza kuendesha huduma ya wateja wengi wa nje kutoka XE moja yangu? Soma maneno "internal business operations" ndani ya masharti, polepole, kisha omba jibu la maandishi kabla ya mteja wa kwanza kulipa.

VirtualBox, ile programu ya Oracle ya kuunda mashine pepe, je, nayo si ya bure? VirtualBox ndiyo. Kile kifurushi cha nyongeza, Extension Pack, kina leseni yake ya matumizi binafsi, na ofisi nzima ikikipakua, upakuaji unaonekana. Angalia kwenye kompyuta za vijana wa IT kwanza, wao ndio hukiweka.

SQL Developer, programu ya Oracle ya kuandikia amri za kanzidata? Hiyo tumia.